Mabawa ni Kazi ya Mchongaji

Sogeeni karibu, na wewe uliyevuta blanketi lote mwachie mwenzako upande. Leo sina hadithi ya fisi wala ya sungura. Leo ni habari za malaika, na tunaanzia Wamunyu.

Wamunyu mnaijua, pale kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Mtu wa huko, Mutisya Munge, alifika Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akawakuta mafundi wa kuchonga sanamu za miti, akajifunza kwao, akarudi nyumbani na ufundi huo. Kutoka kwake kazi ilienea boma hadi boma, na leo ukitaja Wamunyu mtu anawaza twiga, kifaru na vinyago vya mpingo. Lakini wachongaji wetu huchonga pia Krismasi nzima: mtoto Yesu horini, Mariamu, Yusufu, wachungaji, mamajusi watatu, ng'ombe, punda, na malaika.

Mtazameni fundi akimtoa malaika ndani ya kipande cha mti. Kwa tezo anapata kichwa, mabega, na kanzu ndefu inayogusa chini. Kanzu ni rahisi, maana inamwokoa asihangaike na miguu. Shida iko mgongoni. Bawa likiwa nene, malaika anafanana na mtu aliyebeba milango. Likiwa jembamba, nyuzi za mti zikikatwa kombo, linavunjika kwa kuguswa tu. Kwa hiyo tezo inawekwa chini, kisu kinachukuliwa, anakwangua kidogo kidogo, anapiga msasa, halafu anasugua kwa rangi ya viatu mpaka mti ung'ae. Mkono ukiteleza mara moja tu, malaika anabaki na bawa moja, na malaika wa bawa moja hana mnunuzi.

Sasa swali langu. Nani alimwambia fundi kwamba malaika ana mabawa?

Chukueni Biblia mwangalie Luka, sura ya pili, wale wachungaji waliokesha na mifugo. Luka anataja malaika, anataja mwanga uliowazunguka, anataja hofu iliyowashika, halafu jeshi zima la mbinguni likisifu. Bawa halitaji hata moja. Rudini nyuma sura moja, Gabrieli anapofika kwa Mariamu pale Nazareti. Alivaa nini, alikuwa na sura gani, alipitia mlangoni au ukutani, hatuambiwi. Tunaambiwa alichosema, na alichojibiwa.

Mnaocheza mchezo wa Krismasi kanisani, na kila mwaka mnafungiwa mgongoni mabawa ya katoni na waya, msiache. Yanapendeza. Ila mjue mmevaa kazi ya mchongaji na mchoraji. Wakristo wa kwanza kule Rumi walichora picha katika mapango walimozika wafu wao, na katika pango moja linaloitwa la Prisila ipo picha ya karne ya 3 hivi, ambayo wengi husema ni Gabrieli mbele ya Mariamu. Huyo Gabrieli ni mtu wa kawaida mwenye joho. Hana bawa. Mabawa yalianza kuzoeleka kwenye sanaa ya Kikristo mwishoni mwa karne ya 4, katika miji ambayo tangu zamani ilijaa sanamu za mungu wa kike wa ushindi, mwenye mabawa.

Siwaambii kwamba Biblia haina viumbe wenye mabawa. Isaya aliwaona maserafi wakiwa na mabawa sita kila mmoja: mawili ya kufunika uso, mawili ya kufunika miguu, mawili ya kurukia. Ezekieli naye akaona viumbe ambao baadaye anawaita makerubi, kila mmoja ana nyuso nne, wa mtu, wa simba, wa ng'ombe na wa tai, na kando yao magurudumu yaliyojaa macho. Fundi wa Wamunyu akichonga huyo, hakuna mtalii atakayemnunua. Lakini hao walionekana katika maono, karibu na kiti cha Mungu. Malaika anayetumwa kwa watu, huyu anayeingia kijijini na kubisha hodi, mara nyingi huonekana mtu tu.

Ibrahimu alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake, jua limewaka, saa ambayo hata mbuzi hutafuta kivuli. Akainua macho akaona watu watatu wamesimama. Mzee huyo kwa hesabu ya Biblia alikuwa na miaka 99, lakini alitoka mbio kuwalaki, akainama mpaka chini, akawasihi wasimpite. Akawaahidi maji ya kunawa miguu na kipande cha mkate. Kisha akaingia ndani akamhimiza Sara akande vipimo vitatu vya unga mzuri, mwenyewe akakimbilia kundini kuchagua ndama. Ndivyo wenyeji wa huku walivyo hata leo: unaambiwa ni chai tu, kumbe kuku ameshashikwa nyuma ya nyumba. Wageni wakala chini ya mti, mzee amesimama kando akiwaangalia. Walipomaliza, mmoja akasema mwakani wakati kama huu Sara atakuwa na mtoto wa kiume. Sara alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza. Akacheka kimoyomoyo. Alikuwa bibi kizee, nani asingecheka?

Baada ya hapo, wawili kati ya wageni wale wanashika njia ya Sodoma, na hapo ndipo kitabu cha Mwanzo kinawaita malaika. Ibrahimu alikuwa amewapikia kabla ya kujulishwa ni kina nani. Mwandishi wa Waebrania alikuja kuikumbuka habari hii alipowahimiza Wakristo wasiache kuwakaribisha wageni, kwa kuwa wapo waliowakaribisha malaika wasijue.

Na sisi Wakamba habari hii ilitufikia mapema. Yule mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyesafiri Ukambani mwaka 1849 na tena 1851, alitafsiri Injili ya Marko kwa Kikamba, ikachapishwa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Angalieni Marko mwishoni. Wanawake wanaingia kaburini alfajiri, wanamkuta nani? Kijana aliyeketi upande wa kuume, amevaa vazi jeupe. Marko hasemi zaidi ya hapo. Wala hamwiti malaika; Mathayo ndiye anayemwita hivyo.

Mmoja wenu anataka kuuliza: basi kama hana mabawa, atajulikanaje?

Atajulikana kwa alichotumwa. Mama akikutuma dukani kuchukua unga pakiti mbili, mwenye duka hakupi kwa ukubwa wako. Anakupa kwa jina la mama yako, hasa kama ni kwa mkopo. Wewe hupangi bei, hubadilishi unga ukachukua mandazi, wala hubaki dukani ukipokea shukrani. Ukimaliza unarudi. Malaika katika imani ya Kikristo ni wa namna hiyo. Ameumbwa na Mungu kama sisi tulivyoumbwa, lakini ni roho, hana mwili wa kuugua wala kuzeeka, haoi wala haolewi. Ana akili na ana hiari. Ni mkubwa kuliko sisi kwa nguvu, lakini si mungu mdogo. Anatumwa, anafikisha, anaondoka.

Wengine ujumbe wao ni maneno. Gabrieli ni wa hao. Alimfikia Zakaria kuhani hekaluni, amesimama upande wa kuume wa madhabahu ya uvumba, akamwambia mkewe Elisabeti atazaa mtoto, naye aitwe Yohana. Zakaria akauliza atajuaje, maana wote wawili ni wazee. Akapigwa ububu mpaka siku ya mtoto kupewa jina, ikambidi aombe kibao aliandike. Mwezi wa sita wa mimba ya Elisabeti, Gabrieli huyo huyo akafika kwa Mariamu, naye Mariamu pia akauliza itawezekanaje. Hakupigwa ububu. Alijibiwa kwa upole. Watoto hupenda kuniuliza mbona mmoja aliadhibiwa na mwingine akajibiwa, na wazee wa kanisa wamebishana juu ya hilo miaka mingi. Mimi huona mzee aliyetumikia madhabahuni maisha yake yote, mwenye habari za Ibrahimu na Sara kichwani, angeweza kuamini kwa urahisi zaidi kuliko msichana wa kijijini. Hayo ni maoni yangu. Wakatoliki wa Machakos humkumbuka Gabrieli asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa sala inayoitwa Malaika wa Bwana.

Wengine ujumbe wao ni chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Eliya nabii alikuwa ametoka kushinda vita kubwa ya maneno na moto juu ya mlima Karmeli. Mngetegemea awe na furaha. Lakini malkia Yezebeli akamtumia salamu: kesho wakati kama huu utakuwa maiti. Eliya akakimbia. Akafika Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Akaona mti mmoja, mretemu, kichaka cha jangwani chenye kivuli haba. Akaketi chini yake akamwambia Mungu yatosha, nichukue roho yangu. Kisha akalala.

Mmeona ukame, hata ninyi wadogo. Mmeona mahindi yakikauka yangali mafupi, na mto ukibaki mchanga mtupu, watu wakichimba kwa mabakuli kutafuta maji chini yake. Wazee waliotutangulia waliona zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, kama mwaka 1898 na 1899, ilipita njaa iliyoitwa Ngomanisye, na Ukambani ikamaliza familia nyingi. Kwa hiyo tunaposikia mtu amelala chini ya kichaka hataki tena kuamka, hatuhitaji kuelezwa sana.

Malaika akaja akamgusa. Mngedhani atamkemea: nabii mzima, unakimbia mwanamke mmoja? Au atamhubiria. Hakufanya hivyo. Alimwambia aamke ale. Eliya akatazama, kumbe kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwacha alale. Akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamwambia ale, maana safari iliyo mbele yake ni ndefu. Eliya akala, akaenda kwa nguvu za chakula hicho siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu.

Ni mkate, maji, usingizi, na mkate tena. Mungu alikuwa na mambo mazito ya kuzungumza na Eliya, lakini aliyasubirisha mpaka Horebu.

Habari hii inanisaidia kwa jambo jingine, na nitalisema kwa ufupi maana mlilisikia redioni. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwemo watoto. Mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yanasema walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mtu akija kwenu na ujumbe anaosema umetoka mbinguni, hata aking'aa kama taa, pimeni ujumbe wenyewe. Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba hata malaika wa mbinguni akileta injili nyingine, alaaniwe, na kwingine akaonya kwamba Shetani naye anajua kujigeuza awe malaika wa nuru. Malaika wa Eliya alimkuta mtu anayetaka kufa. Akampa chakula.

Haya, tucheke kidogo. Punda.

Huku kwetu punda si mgeni. Ndiye anayepanda kilima na mitungi minne ya maji, lita 20 kila mtungi, akisimama anachapwa, akitembea anachapwa. Katika kitabu cha Hesabu, Balaki mfalme wa Moabu alimwita mganga mmoja, Balaamu, aje awalaani Waisraeli kwa malipo. Balaamu akatandika punda wake jike, akashika njia. Malaika wa Bwana akasimama njiani na upanga mkononi. Balaamu, mwonaji wa kulipwa, hakuona kitu. Punda akaona. Akaacha njia akaingia shambani. Akachapwa. Wakafika kwenye kichochoro kati ya kuta mbili za mashamba ya mizabibu, malaika yuko mbele, punda akajibana ukutani, akausaga mguu wa bwana wake. Akachapwa tena. Wakafika mahali pembamba kabisa, hakuna kugeuka kulia wala kushoto. Punda akalala chini. Balaamu akapandwa na hasira, akamchapa kwa fimbo.

Hapo Mungu akamfungua punda kinywa. Naye punda hakuhubiri wala hakutabiri. Aliuliza tu: nimekukosea nini hata umenipiga mara tatu? Na Balaamu, kwa hasira alizokuwa nazo, hakushtuka kwamba punda anasema. Akamjibu! Wakabishana pale njiani, mtu na punda wake, mpaka macho ya Balaamu yakafunguliwa, akaona upanga. Malaika akamwambia kwamba kama si punda kugeuka, angekuwa amemuua yeye na kumwacha punda hai. Na jambo la kwanza malaika alilomuuliza, kabla ya mambo ya Balaki na ya laana, lilikuwa kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Kesho mkienda mtoni mlikumbuke hilo.

Sasa nataka kusema jambo ambalo wazee wenu hulizungumza kwa sauti ya chini. Kabla ya kanisa kufika, Wakamba walimjua Mungu. Walimwita Ngai, walimwita Mulungu. Kati yake na watu walikuwako aimu, yaani roho za waliokufa, hasa wale wa ukoo ambao bado wanakumbukwa kwa majina. Palikuwa na mahali pa kutolea sadaka, ithembo, mara nyingi chini ya mti mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango kule Kitui mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana, aliandika sana juu ya mambo hayo ili dunia ijue kwamba Waafrika hawakusubiri meli ili wamjue Mungu. Ni mzee huyo huyo ambaye mwaka 2014 alitoa Agano Jipya kwa Kikamba, akilitafsiri mwenyewe kutoka Kigiriki.

Ni rahisi kudhani malaika ni aimu waliobatizwa. Lakini wako mbali. Mmoja wa aimu alikuwa mtu wa boma, alikula hapa, alioa hapa, anajua majina ya watoto wake, na anaweza kukasirika akisahauliwa. Malaika hakuwa mtu hata siku moja. Hana ukoo, hana boma, hadai kumwagiwa pombe. Yohana, katika Ufunuo, alianguka miguuni pa malaika ili amsujudie, na malaika akamzuia: mimi ni mtumishi mwenzako, msujudie Mungu. Yohana akarudia kosa lile lile sura chache baadaye, akazuiwa tena.

Juu ya hilo makanisa yetu hayabishani. Kanisa la AIC, yaani Africa Inland Church, ambalo mizizi yake ni wamishonari waliokuja na Peter Cameron Scott mwaka 1895, halisali kwa malaika. Wakatoliki huwaomba malaika wawaombee, lakini ukimwuliza katekista kama malaika anaabudiwa atakwambia hapana, anaabudiwa Mungu peke yake. Kinachotofautiana zaidi ni majina. Mikaeli na Gabrieli wamo katika Biblia zote. Rafaeli yumo katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanacho na Biblia nyingi za Waprotestanti hazina. Pale anasafiri na kijana Tobia mwendo mrefu, na kijana anadhani amepata tu mwenzi wa njia aliyekodiwa. Hata mbwa anafuatana nao. Jina hilo ndilo alilokuwa nalo askofu wa kwanza wa Jimbo Katoliki la Machakos, mwaka 1969, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mtoto wa Mwala, ambaye baadaye akiwa Nakuru alisema wazi wakati watu walipokuwa wakichomewa nyumba kwa sababu ya kabila lao. Tarehe 29 Septemba ndiyo sikukuu ya malaika wakuu hao, na Waanglikana nao huiadhimisha siku hiyo. Ndugu zetu Waislamu wanamjua Gabrieli pia, wao humwita Jibrili.

Kuna jambo la matangani. Mtoto mdogo akifariki, watu wazima husema amekuwa malaika. Wanaosema hivyo wanatafuta neno la kumpa mama, na mimi sitasimama msibani kumsahihisha mtu. Lakini ninyi mkiniuliza hapa, nitawaambia kanisa halifundishi hivyo. Mtu akifa hageuki kiumbe kingine. Yesu alisema kwamba katika ufufuo watu hawataoa, watakuwa kama malaika kwa jambo hilo, na neno “kama” si sawa na neno “kuwa”. Tumaini la Mkristo ni kwamba mtoto yule atafufuliwa akiwa yeye, na uso wake, na jina lake aliloitwa na nyanya yake. Malaika hawana ufufuo. Petro aliandika kwamba katika habari za wokovu wetu yamo mambo ambayo malaika wanatamani kuyachungulia. Mama akitulia, miezi imepita, huenda hilo likamfaa kuliko lile la kwanza.

Na kila mtoto ana malaika wake wa kumlinda? Yesu aliwaonya watu wasiwadharau wadogo, kwa sababu malaika wao huutazama uso wa Baba siku zote. Kutoka hapo Wakatoliki wanafundisha kwamba kila mtu ana malaika mlinzi, na siku yao ni tarehe 2 Oktoba. Waprotestanti wengi huku husema Mungu huwatuma malaika kulinda watu wake apendavyo, bila lazima kila mtu awe na wake mmoja. Vyovyote iwavyo, ukivuka barabara pale Kyumbi, magari ya Mombasa yakishuka kwa kasi, tazama kulia na kushoto. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, akamtajia na zaburi inayoahidi malaika watamdaka. Yesu hakujitupa.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa na mtoto aliyempoteza mtu. Kama malaika wapo, mbona wangu hakuokolewa? Nendeni Matendo ya Mitume, sura ya 12. Herode anamkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, anamuua kwa upanga. Mstari mmoja, basi. Kisha anamkamata Petro, na Petro anafunguliwa na malaika. Wote wawili walikuwa mitume, wote wawili walipendwa. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anaziweka habari hizo mbili ubavu kwa ubavu na hajaribu kueleza. Mimi nimesikia mahubiri mengi yanayoanza na Petro na kumruka Yakobo, na huwa siyapendi.

Petro basi. Amelala kati ya askari wawili, minyororo miwili, walinzi mlangoni. Kesho ni siku yake ya kuuawa, naye anakoroma; kukoroma nimeongeza mimi, kulala hakika alilala, kwa sababu malaika ilibidi ampige ubavuni ili aamke. Minyororo inaanguka. Anaambiwa ajifunge mshipi, avae viatu, ajitande vazi lake. Minyororo inaanguka. Wanapita zamu ya kwanza, wanapita ya pili, wanafika kwenye lango la chuma la kuingilia mjini, nalo linafunguka lenyewe. Wanatembea mtaa mmoja, na malaika haonekani tena. Hakungoja hata asante.

Petro akaenda nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, ambako watu wengi walikuwa wamekesha wakimwombea. Akabisha. Msichana aitwaye Roda akaja kusikiliza, akaitambua sauti, na kwa furaha akasahau kufungua. Akakimbia ndani kupiga kelele kwamba Petro yuko mlangoni. Wakamwambia ana wazimu. Akasisitiza. Wakasema basi ni malaika wake. Waliomba Petro afunguliwe, na alipofunguliwa waliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba malaika amesimama nje kuliko kwamba ni Petro mwenyewe.

Na huku nje Petro anaendelea kugonga, usiku, mjini ambako askari wa Herode wanaweza kupita wakati wowote. Lango la chuma lilijifungua, lakini mlango wa nyumba ya Mariamu haukufunguka mpaka waliokuwa ndani walipoinuka wakaufungua; Luka hasemi ni mkono wa nani uliotoa komeo. Mimi huwaza ni Roda.